Mali ya Shirika na Hatima Yake: Funzo la Kijiji cha Törbel

Chanzo cha mjadala

Aghalabu wanakijiji wanapokutana barazani kuzungumza juu ya malisho, misitu na vyanzo vya maji, haikosi kusikika hoja ya kwamba mali ya watu wote haina mwenyewe, na ya kwamba kisicho na mwenyewe mwisho wake ni kuharibika. Hoja hii ni kongwe. Aristotle wa Uyunani aliieleza zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na mwaka 1968 Garrett Hardin, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Marekani, aliihuisha kwa makala iliyosomwa dunia nzima, akimtolea mfano mchungaji ambaye, akiongeza ng'ombe mmoja katika malisho ya wote, hupata peke yake faida yote ya ng'ombe yule, ilhali hasara ya majani kupungua huigawana na wenziwe wote. Na kwa kuwa kila mchungaji hupiga hesabu hiyo hiyo, wote huongeza, hata malisho yakafa na mifugo ikafa pamoja nayo.

Mintarafu ya dawa ya maradhi hayo zimesimama rai tatu. Wako wasemao mali igawanywe, kila mtu apewe fungu lake na hati yake. Wako wasemao serikali iishike, iweke mipaka na walinzi. Na wako wasemao iachwe mikononi mwa wale wale waitumiao, maadamu wao ndio waijuao. Kila rai imepata kufuatwa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, mara nyingine zote tatu katika wilaya moja, na wananchi wamebaki katika tashwishi, hawajui ni kwa nini jana waliambiwa wagawane na leo waambiwa waungane.

Insha hii inakusudia kuzitia rai hizo katika mizani, na ushahidi wake mkubwa unatoka katika kijiji cha milimani kiitwacho Törbel, katika nchi ya Uswisi, ambacho kimeendesha malisho ya shirika kwa zaidi ya miaka mia tano bila ya malisho hayo kuangamia. Ushahidi wake una uzito kwa sababu umeandikwa: hati za wazee wake zimehifadhiwa, na mambo yaliyokubaliwa, yaliyokatazwa na yaliyoadhibiwa yaweza kusomwa hata leo.

Törbel na watu wake

Törbel kimekaa ubavuni mwa mlima katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, kwenye kimo cha takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na wakazi wake ni mia tano hivi. Lugha yao ni Kijerumani na dini yao ni ya Kikatoliki. Milima mirefu iliyolizunguka jimbo hilo huzuia mvua pande zote, hata mabonde yake ya ndani yakawa miongoni mwa mahali pakavu zaidi katika nchi nzima, na kwa ajili hiyo wazee wa kale walichimba mifereji ya kuyateremsha maji ya theluji kutoka juu mpaka kwenye makonde.

Mtu wa Törbel wa zamani alikuwa na vipande vya ardhi vilivyotawanyika tangu chini hadi juu: mizabibu kule bondeni penye joto, bustani ya mboga karibu na nyumba, konde la nafaka, na uwanda wa majani ambayo hukatwa wakati wa joto, yakaanikwa na kuwekwa akiba ya majira ya baridi, wakati theluji inapofunika kila kitu na ng'ombe hawana budi kulishwa zizini. Vipande hivi vyote vilikuwa mali yake binafsi, vyenye mipaka, vya kuuzika na kurithika, na watoto wote, wa kiume na wa kike, walirithi sawasawa. Umiliki huo ulipambanuliwa hata katika vitu vidogo: ghala za nafaka, zilizojengwa kwa magogo juu ya miguu mifupi, na baina ya kila mguu na sakafu limelazwa jiwe bapa la duara ili panya asipate njia ya kupanda, zilimilikiwa kwa mafungu, ghala moja ikawa na wenyewe kadhaa, kila mmoja na sehemu yake ijulikanayo.

Juu ya makonde upo msitu, na juu ya msitu yako malisho ya kileleni, ambayo majani yake huota kwa miezi michache ya joto peke yake. Huko mali ya mtu mmoja mmoja hukoma. Vitu vitano viliwekwa kuwa vya shirika: malisho ya kileleni, misitu, ardhi isiyolimika, mifereji ya maji, na njia. Hati za ardhi za kijiji hiki zinafika nyuma hadi mwaka 1224, na tarehe 1 Februari 1483 watu wake walitia saini mkataba wa kuunda jumuiya itakayosimamia malisho, msitu na ardhi isiyolimika kwa utaratibu ulio imara kuliko wa kwanza.

Aliyewatangaza watu hawa ulimwenguni ni Robert Netting, mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya jamii za wanadamu, ambaye alikwenda Törbel katika miaka ya 1970 baada ya kuwa amekwisha kuwachunguza Wakofyar, wakulima wa milimani katika nchi ya Nigeria, na kitabu chake juu ya kijiji hiki kilitoka mwaka 1981. Jambo lililomshughulisha ni lile lile linalopaswa kutushughulisha sisi: watu wale wale, katika kijiji kile kile, waliishi na umiliki wa aina mbili kwa karne nyingi. Haiwezekani, basi, kusema kwamba walishika mali ya shirika kwa kutojua mali ya binafsi. Walizijua zote mbili, wakachagua.

Kanuni za malisho

Nguzo ya utaratibu wao ni kanuni iliyoandikwa mwaka 1517, isemayo kwamba hapana mtu aruhusiwaye kupeleka kileleni ng'ombe wengi kuliko awezao kuwalisha majira ya baridi. Ubora wa kanuni hii ni katika kipimo chake. Majani makavu ya mtu yamo ghalani mwake, majirani wanayaona na wanajua yalitoka konde gani, na hapana hila iwezayo kumdumisha ng'ombe miezi ya theluji bila chakula. Tajiri hawezi kununua kundi wakati theluji inapoyeyuka, akalinenepesha kwa majani ya wote, kisha akaliuza kabla ya baridi kurudi. Haki ya juu mlimani imefungwa kwenye kazi ya chini kondeni, na mtu hufaidi kilicho cha wote kwa kadiri ya jasho lake katika kilicho chake.

Ng'ombe walihesabiwa mara wapelekwapo kileleni, na msimamizi aliyewekwa na kijiji alikuwa na idhini ya kumtoza faini aliyezidisha, na nusu ya faini ilikuwa haki yake mwenyewe, jambo lililomfanya asilale. Wenye ng'ombe wote walikuwa wajumbe wa jumuiya ya malisho. Walikutana kila mwaka, wakachagua viongozi, na viongozi hao waliajiri wachungaji, wakasimamia kutawanya samadi, na kuitisha kazi ya kutengeneza njia na kujenga upya mazizi yaliyobomolewa na maporomoko ya theluji. Kazi hiyo, au malipo badala yake, iligawanywa kwa kadiri ya ng'ombe wa kila mtu.

Msituni nako hapakuwa na kujichumia ovyo. Wasimamizi walitia alama miti iliyostahili kukatwa, jamaa za nyumba kadhaa wakaungana katika vikundi, na kura ndiyo iliyoamua kikundi gani kipate miti ipi, hata asipatikane wa kulalamika kwamba mwenziwe amependelewa. Wazee wetu waliposema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakiieleza hekima ile ile.

Kwa nini, basi, hawakuyagawana malisho kama walivyogawana makonde? Netting alitaja sababu zilizo katika tabia ya ardhi yenyewe. Kipande kimoja cha kileleni huzaa kidogo mno. Mazao yake hayatabiriki, kwa kuwa mwaka huu theluji hukawia upande huu na mwaka ujao upande ule. Haiwezekani kukistawisha sana hata mtu akitia bidii. Ni lazima eneo liwe kubwa ndipo lifae. Na kazi za kulitunza zataka watu wengi. Ardhi yenye sifa hizo, ikikatwa vipande, humpa kila mtu hatari yake na kuta zake, wala haimwongezei majani. Konde la nafaka lina sifa zilizo kinyume, na ndiyo maana likawa la mtu mmoja.

Rai ya kwanza: mali igawanywe

Wenye rai hii wana hoja iliyo wazi. Mwenye hati huvuna matunda ya juhudi yake, huthubutu kupanda miti na kuchimba matuta, huweza kukopa, na hana mwenzi wa kumsingizia uharibifu. Katika ardhi ya rutuba yenye mvua ya kutosha rai hii imezaa matunda, na hata watu wa Törbel waliifuata bila shaka yoyote katika makonde na mizabibu yao.

Udhaifu wake hudhihiri pale inapochukuliwa kuwa dawa ya kila ardhi. Huko Kenya, sheria ya mwaka 1968 iliwapa wafugaji wa nyanda kavu, Wamaasai wa Kajiado miongoni mwao, hati za pamoja za maeneo makubwa. Baadaye mengi ya maeneo hayo yakagawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Wako waliofanikiwa. Lakini wengi walijikuta na kipande kisichopata mvua mwaka ule mvua iliponyesha kwa jirani, nyua zikafunga njia za mifugo, na mwenye shida akauza fungu lake kwa ajinabi kwa thamani ndogo, wanawe wakabaki bila ya ardhi wala ng'ombe. Mgawanyo uliokusudiwa kumlinda mtu dhidi ya tamaa ya mwenziwe ulimwacha bila kinga mbele ya ukame na soko.

Rai ya pili: serikali ishike

Hoja ya rai hii ni kwamba yako mambo yaliyo makubwa kuliko kijiji. Mlima ukikatwa miti juu, mafuriko humfikia mtu wa chini ambaye hakuwamo barazani wala hakuulizwa. Uswisi yenyewe, baada ya kupatwa na mafuriko makubwa, ilitunga mwaka 1876 sheria ya kulinda misitu ya milimani, na vijiji vyote, pamoja na vyenye mikataba ya kale, vikalazimika kuitii. Serikali ina wataalamu, ina fedha, na haina budi kuwatazama hata wale watakaozaliwa baadaye.

Hata hivyo nguvu ya serikali ina gharama zake. Katika wilaya ya Kondoa, Tanzania, ambako makorongo yalikuwa yamekula ardhi kwa kiasi cha kutisha, serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika. Ardhi ilipona, majani na miti vilirudi, wala haifai kulidharau jambo hilo. Lakini watu walikosa maziwa, samadi na maksai wa kulimia, na ng'ombe waliohamishwa walikwenda kuzielemea ardhi za wengine. Fauka ya hayo, serikali haiwezi kuwa na mlinzi chini ya kila mti, na fimbo ya mbali haiui nyoka: mahali pengi, msitu uliotangazwa kuwa wa serikali ulikatwa kwa haraka zaidi kuliko kwanza, kwa kuwa waliokuwa wakiulinda waliambiwa si wao, na aliyeambiwa kuwa ni wake hakuwapo.

Rai ya tatu: wenyewe waongoze

Rai hii ilipata nguvu kubwa kwa kazi ya Elinor Ostrom, bingwa wa Kimarekani wa elimu ya siasa, aliyekusanya habari za mali za shirika kutoka pande nyingi za dunia, Törbel ikiwamo, akazichapa katika kitabu mwaka 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Alibaini kwamba mashirika yaliyodumu yalifanana katika mambo kadhaa: mipaka ya mali na orodha ya wajumbe vinajulikana, kanuni zinaafikiana na hali ya mahali, na mchango unalingana na faida, waongozwao wana sauti katika kutunga kanuni, walinzi wanawajibika kwa wenyewe, adhabu huanza ndogo na kupanda, magomvi husuluhishwa karibu na kwa gharama ndogo, serikali huheshimu haki yao ya kujipangia, na mali ikiwa kubwa, vyombo vya usimamizi hupangwa ngazi kwa ngazi. Hardin mwenyewe, katika maandishi yake ya baadaye, alikubali kwamba maangamizi aliyoyaeleza ni ya mali isiyo na utaratibu.

Ushahidi wa karibu haukosekani. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walichimba mifereji iitwayo mifongo ya kuyaleta maji vihambani, yaani katika mashamba ya nyumbani kwao, kila mfongo ukawa na watu wake na wasimamizi wake, na asiyefika kazi ya kuuzibua alitozwa faini au akanyimwa maji. Huko Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijiji vilivyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba vilipinga mpango wa kuufanya hifadhi ya serikali, vikaahidi kuulinda vyenyewe, vikaweka kanuni na walinzi wao. Msitu ukaanza kustawi, na mfano huo ulisaidia kufungua njia ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayovitambua vijiji kuwa na misitu ya hifadhi yao.

Udhaifu wa rai hii ni kwamba kijiji si lazima kiwe na insafu kwa sababu tu ni kijiji. Baraza laweza kutekwa na wachache wenye kauli na mifugo mingi. Vijana na wanawake waweza kutumwa kazi bila ya kuulizwa. Na kanuni ikivunjwa na mtu mkubwa, kila jirani huona haya kumshitaki.

Gharama ya utengemano

Hata Törbel haikupata utulivu wake bure, na mwandishi aisifuye bila ya kuutaja upande huu huwadanganya wasomaji wake. Mkataba wa mwaka 1483 ulimzuia mgeni, hata aliyenunua ardhi kijijini, asipate haki yoyote katika malisho na msitu, isipokuwa wenyeji wakubali kumpokea. Sisi tuna desturi ya kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwa maana ya kwamba afanyaye kazi huingia katika jamaa. Watu wa Törbel walikuwa wagumu zaidi, na ugumu huo ndio uliozuia idadi ya watumiaji isizidi uwezo wa mlima.

Gharama ya pili iliwaangukia wao wenyewe. Ili watu wasizidi ardhi, walichelewa kuoa, wengi hawakuoa kabisa, watoto walizaliwa kwa nafasi kubwa, na waliokosa mahali walihama. Malisho yalisalimika, na sehemu ya thamani yake ililipwa na watu ambao hawakupata nyumba zao wenyewe. Gharama ya tatu ni kwamba kanuni ya 1517 ilitoa haki kwa kadiri ya majani, na mwenye makonde mapana alifaidi zaidi malisho ya wote. Ilizuia uharibifu, haikukusudia kuleta usawa.

Yafaa pia kutambua kwamba maisha hayo yamebadilika. Katika karne ya ishirini viwanda vya bondeni viliwavuta wanaume kwenye mishahara, ng'ombe wakapungua, na nguvu kazi iliyokuwa nyingi ikawa adimu. Hatari ya malisho ya leo katika milima kama hiyo yaweza kuwa kukosa watu wa kuyatunza, jambo ambalo waandishi wa 1517 hawakulifikiria. Utaratibu wa shirika hauna budi kuhuishwa, la sivyo hubaki jina.

Mizani

Tukizipima rai tatu kwa pamoja, itabainika kwamba kila moja ina haki yake katika mahali pake, na kosa la wengi ni kuitaka moja itawale kila pahali. Ardhi izaayo sana kwa jasho la mtu mmoja yafaa iwe ya mtu mmoja. Jambo ambalo madhara yake huvuka mipaka ya kijiji halina budi kuwa na mkono wa serikali. Na ardhi pana, yenye mazao haba na yasiyotabirika, inayotaka kazi ya wengi, huishi vizuri zaidi katika shirika la watu wanaojuana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, imeacha nafasi kwa ardhi ya pamoja na ardhi ya watu binafsi ndani ya kijiji kimoja. Upungufu uliopo ni wa utekelezaji, pale ambapo mipaka haikuchorwa na daftari halikufunguliwa.

Tahadhari moja yahitajika. Kanuni ya Törbel haiwezi kubebwa jinsi ilivyo. Kule majani hurudi kila mwaka mahali pale pale, kwa hiyo hesabu ya ng'ombe yaweza kuwekwa na kubaki. Katika nyanda kavu za Afrika ya Mashariki mvua yenyewe huhama, na mfugaji aliyefungiwa ndani ya mpaka mmoja hufa na mifugo yake; huko shirika halina budi kuwa kubwa zaidi, lenye mapatano ya kupokeana baina ya jamaa na jamaa, na kipimo chake huenda kikawa zamu ya kisima au akiba ya malisho ya kiangazi. Kinachostahili kuchukuliwa kutoka Törbel ni ule msingi: kipimo kionekane kwa macho ya majirani, na haki ifungwe pamoja na dhima.

Muhtasari

Kwa kifupi, hoja ya kwamba mali ya wote haina budi kuharibika huchanganya vitu viwili vilivyo mbali: mali ambayo yeyote aweza kuingia akachukua atakacho, na mali ya watu wanaojulikana, yenye kiasi kinachojulikana, mlinzi na adhabu. Ya kwanza huangamia, kama Hardin alivyosema. Ya pili yaweza kudumu karne tano, kama Törbel inavyoshuhudia. Kuigawanya mali humpa mtu bidii na kumwondolea kinga. Kuikabidhi serikali huleta nguvu na kuondoa ukaribu. Kuiacha kwa wenyewe huleta maarifa na uangalizi, na huacha mlango wazi kwa dhulma za wenye kauli, tena huwafungia mlango wa nje wale wasio wajumbe.

Kwa hiyo baraza lolote linaloketi kuamua juu ya malisho au msitu wake lisianze kwa kubishana juu ya hati iandikwe jina la nani. Liulize kwanza: wajumbe ni akina nani, na mgeni ataingia kwa sharti gani? Kiasi cha kutumia ni kipi, na kinapimwa kwa kitu gani kisichofichika? Nani anahesabu, nani anatoza faini, na je, mkubwa atatozwa kama mdogo? Serikali itasimama nyuma ya uamuzi huo, au itautengua atakapokuja mwenye fedha? Baraza likiweza kuyajibu maswali hayo mbele ya wanakijiji wote na kuyaandika majibu yake, mali ya shirika ina matumaini ya kuwafikia wajukuu. Likishindwa, mali hiyo itapotea, hata hati yake iandikwe jina la nani.